Mtoto akipotea usisubiri kesho

Msimu wa korosho ukianza tu na ile voisi nayo inaanza kuzunguka. Mnaijua. Mama analia, anasema jamani wazazi wenzangu wa Mtwara na Lindi kuweni makini, kuna Noah nyeusi inapita mashuleni inabeba watoto, leo wameshabebwa watatu, tuma kwenye magrupu yote uliyonayo. Haisemi shule gani, haisemi tarehe, haisemi hao watoto wanaitwa nani, na ukimuuliza aliyekutumia na yeye katumiwa. Naipata kwenye grupu la wazazi, la kikoba, la ukoo, afu jioni unakuta mtaani watoto wamefungiwa ndani na kijana wa watu aliyekuja kushusha mchele anaanza kuzongwa pale gengeni anaulizwa wewe nani, umetumwa na nani, na ikitokea mmoja tu akapiga kelele ya mwizi wa watoto yule kijana hatoki salama. Ni hofu ya zamani hii, bibi zetu nao walifungiwa ndani kwa ajili ya mumiani.

Sisemi watoto hawaibiwi, na naomba mtu asinielewe hivyo. Wanaibiwa. Mwanzoni mwa 2019 kule Njombe watoto walichukuliwa na kuuawa na nchi nzima ikalia. Mwaka 2024 kule Muleba, Kagera, mtoto mwenye ualbino wa miaka miwili na nusu alichukuliwa nyumbani kwao usiku, na mwili wake ukapatikana baada ya zaidi ya wiki mbili. Lakini kwenye hiyo kesi ya Muleba angalia nani walipelekwa mahakamani: baba yake mzazi alikuwa mmoja wa walioshtakiwa. Mi hiyo habari ilinikosesha usingizi kwa sababu miaka yote tunawaambia watoto wamuogope mgeni, mgeni, mgeni, wakati mtu anayemfikia mtoto kirahisi ni yule mtoto anamwamkia shikamoo kila siku.

Niko kwenye kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa wetu, zile kamati zilizokuja na MTAKUWWA, ule mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kwahiyo haya mambo yanapita mbele yangu. Na nachokiona mimi huku kusini ni kwamba mtoto wetu mara nyingi hapotei kwa kukamatwa na gari. Anapotea na tiketi mkononi. Anapanda basi asubuhi watu wanamuona, mama yake ndo kamfungia begi, bibi kampa na korosho za kutafuna njiani, kwa sababu amekuja shangazi wa mbali, au rafiki wa shangazi, au mtu aliyesema ni rafiki wa shangazi, kasema kuna mama ana kazi nyepesi Dar, kulea mtoto mmoja tu, atasomeshwa cherehani, na pesa itatumwa kila mwezi kwenye simu ya baba. Binti ana miaka kumi na mbili, kumi na tatu, kamaliza unyago juzi tu, watu wanaona ameshakuwa mkubwa. Mwezi wa kwanza pesa inakuja. Wa pili inakuja nusu. Wa tatu simu ya yule shangazi haipatikani, na hapo ndo watu wanagundua hakuna anayejua nyumba iko wapi, wanajua tu Mbagala, na Mbagala ni kubwa jamani, Mbagala ina watu wetu wa kusini wengi kuliko hata vijiji walivyotoka.

Na wazazi wengi hawaendi polisi kwa sababu wanasema si tulimtoa wenyewe, tutasema nini. Hapa nataka nieleweke vizuri. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inasema akiwa ni mtoto, kukubali kwake na hata kukubali kwa mzazi wake hakumuokoi yule aliyemsafirisha kwenda kumtumikisha. Kwahiyo yule shangazi hawezi kusimama akasema mama yake alikubali basi yakaisha. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18, awe ametoka unyago awe hajatoka, na kazi yoyote, hata ile nyepesi, mtoto haanzi kabla ya miaka 14. Ukikubali kwa kudanganywa bado una haki ya kumdai mwanao arudi, na ukae ukijua kila siku unayokaa na aibu ndani ndo siku ile simu nyingine inazimwa.

Sasa nije kwenye wale wanaopotea kweli, yaani dakika hii alikuwepo dakika hii hayupo. Nitasimulia ya jirani yangu hapa Chikongola kwa ruhusa yake, majina siweki.

Mtoto wake wa kiume, miaka mitano, alitoka madrasa baada ya alasiri na wenzake. Wenzake wakafika, yeye hakufika. Mama mtu akazunguka nyumba za jirani akidhani kaingia kucheza, akaja kwangu kashika khanga mkononi wala hajajifunga, akaniuliza dada hujamuona mwanangu. Basi tukatoka wote, na ndani ya muda mfupi tu tukajaa barabarani kila mtu anakimbilia upande wake, na vijana wa bodaboda wa kijiweni, Mungu awabariki wale, wakawasha pikipiki wako tayari kwenda kokote. Mmoja akauliza swali moja tu, mama kavaa nini? Na mama mtu akasema kanzu nyeupe. Kaka yake mtoto, wa darasa la tatu, akasema hapana mama, kanzu kaivua kaiweka kwenye mfuko, kabaki na bukta ya bluu na singlendi. Wakauliza picha. Picha kwenye simu ilikuwa ya Idd ya nyuma kabisa, mtoto kabebwa, kavaa kofia, uso hauonekani. Yaani watu wote hao, na pikipiki zote zile zinaunguruma, na hatujui tunamtafuta mtoto wa namna gani.

Ni yule yule kaka mtu aliyesema ana alama ya pasi mkono wa kushoto, hapa juu ya kiwiko, alijiunguza mwenyewe. Ustadhi akaandika. Akatangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti, jina, umri, bukta ya bluu, kovu la pasi mkono wa kushoto juu ya kiwiko, afu hakuishia hapo, akawapigia simu wenzake wa misikiti mingine mjini nao wakatangaza vilevile. Kabla ya magharibi mama mmoja anayekaanga samaki kule feri akasema mbona kuna mtoto kakaa hapa kwenye ngazi muda mrefu nilidhani ni wa wateja, akamshika mkono akageuza akaona kovu. Mtoto alikuwa kafuata mkokoteni wa madafu kutoka barabarani mpaka kule, basi, hakuna aliyemuiba. Lakini hebu fikiria mtu mbaya angemuona kabla ya yule mama.

Wakati sisi tunatafuta, baba mtu alikwenda kituoni akaambiwa arudi baada ya masaa ishirini na nne. Hili la masaa ishirini na nne nimelisikia kwa watu wengi mno, mpaka wazazi wenyewe wanaambizana, na linaniuma kwa sababu mtoto mdogo hana masaa ishirini na nne. Basi likitoka Mtwara alfajiri jioni liko Dar. Kivuko cha Msangamkuu ni dakika chache tu ushavuka ng'ambo. Ukitoka Masasi ukapita Mangaka mpaka Mtambaswala pale Daraja la Umoja uko Msumbiji siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto haina mahali inaposema mzazi asubiri. Ukiambiwa hivyo omba kwa heshima uandikiwe RB, yaani taarifa yako iingizwe kitabuni upewe namba yake, uliza Dawati la Jinsia na Watoto liko wapi, wale ndo wamewekwa kwa kazi hiyo, na kama bado unazungushwa toka nje upige 116. Hiyo ni simu ya mtoto ya taifa, haikatwi pesa, hata kama huna salio unapiga. 112 ni dharura ya polisi. Mwite na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji muda huohuo, wao wana namba za OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na za afisa ustawi wa jamii ambazo wewe huna.

Wamarekani walijifunza hili kwa maumivu. Mwaka 1996 mji wa Arlington, Texas, binti wa miaka tisa, Amber Hagerman, alinyakuliwa akiendesha baiskeli. Jirani aliona, akapiga simu polisi, akasema ni pikapu nyeusi. Maelezo yalikuwepo, lakini hapakuwa na njia ya kuwafikishia watu wote waliokuwa barabarani kwa wakati mmoja, na binti alikutwa amekufa baada ya siku nne. Baada ya hapo watu wa kule wakasema kama redio zinaweza kukatisha vipindi kutangaza kimbunga kwanini zisikatishe kwa ajili ya mtoto, na ndo ukatoka ule utaratibu wa tangazo la dharura wenye jina lake. Sisi hapa kipaza sauti cha msikiti tunacho, kengele ya kanisa ipo, gari la matangazo lipo, redio za hukuhuku zipo, Jamii FM Mtwara, Mashujaa FM Lindi, na mtangazaji ukimpigia ana mtoto na yeye, anakusikiliza. Kinachokosekana ni maelezo yaliyonyooka.

Kwahiyo nawaomba, leo hii, mpige mwanao picha. Uso wote, bila kofia, bila zile filta za masikio ya paka, moja ya uso na moja amesimama mzima, na urudie kila baada ya miezi michache maana watoto wanabadilika. Asubuhi akitoka mwangalie kavaa nini mpaka viatu. Jua alama zake, kovu, doa, jino lililong'oka. Ikitokea, tangazo lako liwe na jina, umri, kavaa nini, kaonekana wapi mara ya mwisho na saa ngapi, namba ya simu inayopatikana, namba ya RB, na TAREHE. Tarehe jamani. Matangazo ya watoto waliopatikana zamani na wengine sasa hivi wako sekondari bado yanazunguka kwenye stetasi za watu kwa sababu hayana tarehe, na matokeo yake tangazo la kweli likija watu wanalipita wakidhani ni lilelile. Akipatikana rudi kote ulikotuma uandike AMEPATIKANA, na uombe watu wafute ile picha, sio haki mtoto wa watu akue na picha yake ya kupotea mtandaoni maisha yake yote.

Na wewe uliyemkuta mtoto amepotea, usimpeleke kwako. Najua una huruma, najua unataka akale, lakini ukimuingiza ndani kwako mama yake anapita nje anaita na wewe hujui, na wewe mwenyewe ukikutwa nae unajiweka pabaya. Kaa nae hapohapo kwa muda, pawe na watu, mama mwingine awepo, mzazi mara nyingi anarudia njia aliyopita. Muulize taratibu, mama anapika nini nyumbani, jirani kuna nini, msikiti au kanisa, hapo unapata mtaa. Asipotokea mtu mpeleke kwa mwenyekiti au polisi na ustawi wajue. Ukimtangaza usiweke kila kitu, bakiza kitu kimoja usikiseme, alama au rangi ya nguo ya ndani, ili anayekuja kusema ni wangu akutajie yeye. Kuna watu wanakuja kudai watoto wasio wao.

Kuhusu watoto wenyewe, tatizo letu kubwa huku ni adabu, na nasema hivi nikiwa mtu ninayependa mtoto mwenye adabu. Mtoto wetu anatumwa na mtu mzima yeyote. Mzee asiyemjua kabisa anamwita we njoo, nikimbizie hii pale dukani, na mtoto anakwenda, na asipokwenda anasemwa hana malezi. Mtu mbaya anaijua hiyo. Wa kwangu nimewaambia hivi, ukitumwa na mtu yeyote awe babu awe mwalimu awe nani, sema ndiyo, afu pitia nyumbani kwanza umwambie mama. Mtu mwema hatakasirika. Tuna na neno letu la siri, anayesema katumwa na mama aje kuwachukua shuleni alitaje, asipolijua wanarudi kwa mwalimu. Na mtu mzima akimwambia mtoto hii iwe siri yetu, hiyo ndo siri ya kwanza kuja kuniambia, hata kama ni mjomba, hata kama ni zawadi.

Jina lako halisi mtoto alijue. Unamuuliza mtoto baba yako anaitwa nani anasema Baba Salma, mama anaitwa nani, Mama Salma, unabaki hapo huna pa kuanzia. Wafundishe majina matatu, mtaa, na namba ya simu kwa kuimba, watoto wanashika haraka kwa kuimba. Jina la mtoto liandike ndani ya begi, sio juu, likiwa juu mtu asiyemjua anamwita kwa jina na mtoto anaamini anajulikana.

Na kipindi hiki cha korosho nina ombi la peke yake. Wazazi mnahamia mashambani kwenye mabanda wiki nyingi, watoto wa shule mnawaacha na bibi asiyeona vizuri, au mnawaacha wao kwa wao, wa darasa la sita ndo mama wa nyumba. Kila mtu kijijini anajua nyumba ipi haina mtu mzima. Mnada ukipita kuna pesa, kuna ngoma mpaka asubuhi, kuna wageni wanaingia na kutoka, wafanyabiashara, madereva, watu wa Dar wanaokuja kutafuta wadada wa kazi. Tafuteni hata nyumba moja mtu mzima mmoja abaki na watoto wa familia tatu nne kwa zamu, wengine waende shamba, inawezekana, nimeona watu wa Tandahimba wanafanya.

Bado kuna kurudi. Hapa watu wengi wanadhani mtoto akishaonekana kazi imeisha, na kumbe ndo inaanza.

Kuna binti alirudi mwaka juzi kutoka Dar, karudishwa kwa msaada wa ustawi, kafika jioni na kimfuko kidogo. Ukumbi umejaa watu. Mjomba anauliza hata simu hukununua? Jirani anauliza mbona umekonda hivyo, au una mimba? Mwingine anasema si alisema anakwenda kusoma cherehani. Binti kasimama mlangoni anaangalia chini, kasema shikamoo bibi, tena kwa sauti ya chini kabisa. Bibi yake akanyanyuka kwenye mkeka, akamshika mkono, akatugeukia wote sisi tuliokaa pale, kamati na wasio kamati, akasema, mwacheni mjukuu wangu ale kwanza, mwenye swali aje kesho kutwa. Akamuingiza ndani akafunga mlango. Tukaondoka.

Sijaona mtaalamu aliyefanya vizuri zaidi ya yule bibi. Mtoto aliyerudi anahitaji kula, kuoga, kulala mahali anapojua, na mtu mmoja anayemuamini ambaye hatamuuliza mbele ya watu. Kama ameumizwa au kuna dalili ya kuumizwa, mpeleke hospitali mapema, polisi watatoa PF3, ile fomu yao ya kutibiwa, na usimuogeshe wala kufua nguo alizokuja nazo kabla daktari hajamuona kama jambo ni la siku hizohizo, hata kama roho inakuuma kumuona hivyo. Maelezo ayatoe pale dawati mara moja kwa mtu aliyefundishwa, sio ayarudie kwa kila shangazi anayekuja kutoa pole. Shuleni ongea na mwalimu mkuu kabla hajarudi ili wenzake wasimpe jina. Na fimbo weka mbali kabisa, hata kama alitoroka mwenyewe. Kuna watoto wanaotoroka kwa sababu ya nyumbani, kwa kipigo, kwa baba wa kambo, kwa kutaka kuozeshwa, na mtoto wa namna hiyo ukimrudisha palepale bila ustawi kukaa na familia unamrudisha alikokimbia, na mara ya pili anakwenda mbali zaidi.

Nimalizie na ndugu zangu wa mabasi, makondakta na mawakala wa stendi ya Mkanaledi, wa Masasi, wa Newala, maana nyie mnaona kabla yetu sote. Ukiona mtu mzima mmoja ana mabinti wawili watatu wasiofanana, yeye ndo kashika simu zao, yeye ndo anajibu kila wanachoulizwa, msogeze binti mmoja pembeni kama unamuonyesha siti, muulize unakwenda kwa nani, anaitwa nani, anakaa wapi. Akishindwa kukujibu pigia 116 palepale, au mwambie trafiki wa kituo kinachofuata, kabla gari halijapita Mnazi Mmoja, ile njiapanda ya kule Lindi, sio ya Dar.